Nilimwambia ni Nta Tu

Kama gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa matumbo huko buchani kabla hujasoma mwanzo wa hadithi yangu, mambo yalikuwa hivi.

Mwanangu Theuri ni fundi wa redio za magari. Murang'a walimfukuza kwa kuunguza spika za wateja. Akarudi nyumbani Gatitu, akaingia kwa zile pombe za vichupa, mpaka asubuhi moja nikamwokota mtaroni akiwa na kiatu kimoja. Halafu Mungu akatukumbuka. Keval, yule mwenye duka la vifaa vya magari mjini Nyeri, akampa kazi kwenye gereji yake iliyo hapa kwetu kando ya barabara.

Hadithi niliiachia pale hospitali, nilipompeleka masikio yalipoanza kumsumbua. Daktari wa masikio alimpima Theuri, kisha akanigeukia mimi, kwa sababu kuongea na mimi kulikuwa rahisi. Akasema, "Mama, ndani ya sikio kuna vinywele vidogo sana. Vyake vingi vimekufa kwa kelele, na vikifa havioti tena. Akitoka kwa hiyo kazi sasa, vilivyobaki vitamtosha kuongea na watu. Akiendelea, hata wewe hatakusikia."

Theuri akaniuliza, "Amesema nini?"

Nikamwambia ni nta tu, itayeyuka.

Hapo ndipo tulipofika. Sasa sikilizeni yaliyofuata.

Uongo ukishauzaa, lazima uunyonyeshe. Kila asubuhi nilipasha mafuta kidogo kwenye kijiko, nikamlaza Theuri kwenye benchi la jikoni, nikamtilia tone sikio hili, tone sikio lile, nikaziba na pamba.

"Inayeyuka, mama?"

"Inayeyuka."

"Naona kama leo nimesikia jogoo."

Jogoo tulikuwa tumemchinja Krismasi. Nilimpangusa shavu na ncha ya leso, nikaenda kuchemsha chai.

Mama unayesoma hii, utasema mimi ni mjinga. Sawa. Lakini wewe hujamwosha matapishi kijana mwenye ndevu. Hapa kwetu kijana akikosa kazi ana mlango mmoja tu wa kuingia, na huo mlango haufungwi. Nilipima na mizani yangu ya darasa la saba: kiziwi au mlevi. Nikachagua, nikanyamaza.

Wala sikulia. Tangu siku ile ya hospitali nilikuwa nimekufa ganzi, kama mguu uliokaliwa kanisani. Unaona ni wako lakini hauuhisi.

Sasa niwaeleze hiyo kazi, maana bila kuijua hamtaona tulianguka wapi.

Fundi akishafunga spika, na akishafunga amplifaya, lile sanduku la chuma linaloipa sauti nguvu, bado hajamaliza. Kuna ekwalaiza, ile safu ya vitufe vya kupandisha na kushusha: hapa besi, hapa sauti ya kati, hapa ile nyembamba. Na ubavuni mwa amplifaya kuna kiskurubu kidogo cha nguvu. Hicho unakizungusha na bisibisi polepole mpaka sauti ianze kukwaruza, halafu unakirudisha nyuma kidogo. Hapo ndipo mafundi wanasema gari limekaa.

Besi haikumshinda Theuri. Aliisikia kwa kiganja, ameweka mkono kwa mlango wa gari kama mtu anayepima homa. Ile nyembamba ndiyo ilikuwa imemtoroka. Aliipandisha akiitafuta, akaipandisha tena, mpaka mwimbaji akawa kama bati linalokatwa na msumeno, na yeye anatingisha kichwa ati bado. Ndivyo zile spika za Murang'a zilivyoungua.

Basi nikawa sikio lake.

Mimi huuza chai na mandazi hapo gereji, kwa hivyo hakuna aliyeshangaa kuniona. Akifika mahali pa kupanga sauti, nilisema miguu inauma, nikaingia kiti cha nyuma na kikombe changu. Yeye alikuwa mbele, macho kwa kioo cha dereva cha kutazamia nyuma. Nikiinua kidole juu ya kikombe, apandishe. Nikikilaza, ashushe. Nikifunika kikombe kwa kiganja, awache hapo hapo.

Alidhani tunangojea tu nta iishe.

"Mama Theuri," Mutahi akaniambia siku moja. Mutahi ndiye fundi wa waya pale, na mdomo wake haujawahi kufungwa na mtu. "Wewe umekalia magari mingi kushinda gavana."

"Ni miguu, Mutahi."

"Hiyo miguu yako inapenda viti vya ngozi sana. Ikija Probox kuukuu ya mizigo, haiumi."

Walicheka. Nami nikacheka, mdomo tu.

Na kazi ikatoka safi, hilo siwezi kuficha. Mimi huimba sauti ya pili kanisani, na nikipanga gari nilipanga kama kwaya: wanaume wasifunike wanawake, na maneno yasimezwe. Wateja wakaanza kuja kutoka Naro Moru na Karatina wakiuliza Theuri ni nani. Keval mwenyewe akaja akakaa ndani ya gari moja, akafunga macho, akafungua.

"Huyu kijana iko na masikio ya dhahabu," akasema.

Theuri alimtazama midomo, akatabasamu. Mimi nikatazama sukari ikizama kwenye chai.

Halafu likaja gari la maiti.

Lilikuwa la mtu anaitwa Kathurima, kutoka huko upande wa Chuka. Mtu mnene, mpole, anaongea kama anakupa pole hata akikuuliza choo kiko wapi. Gari lilikuwa jeupe, refu, na nyuma kulikuwa na reli za jeneza katikati na benchi la jamaa kando.

"Nataka spika ndani na spika juu," akamwambia Theuri. "Lakini si besi za vijana. Watu wa msiba hawataki kupigwa kifuani, wamepigwa tayari. Nataka maneno. Pasta akitaja jina la marehemu, hata nyanya aliye nyuma kabisa asikie ni nani tunazika. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mzee." Alikuwa amemwangalia mdomo wakati wote.

"Juzi huko Chogoria walisikia jina lingine kabisa. Watu wakaanza kuangaliana."

Mutahi na wenzake walifunga waya mbio mbio, mkono mmoja ndani, miguu yote nje. Hakuna aliyekubali kukanyaga pale nyuma. Mutahi alisema yeye bado hajaoa, na mwanamume akipanda gari hilo kabla ya kuoa atapandishwa tena upesi.

Ikafika saa ya kupanga sauti. Na shida ikajionyesha yenyewe. Amplifaya na ekwalaiza zilikuwa zimefungwa huko nyuma, chini ya benchi, ili dereva asizichokore. Hakukuwa na kioo cha kujificha nacho. Theuri alipiga magoti mlangoni, bisibisi mkononi, akaniangalia mimi niliyekuwa kwa meza ya chai.

Aliangalia tu, kama alivyokuwa akiniangalia akiwa mdogo akitaka kwenda haja kanisani.

Nikajaza kikombe. Nikapita katikati ya mafundi wote, nikapanda gari la maiti, nikakaa kwenye benchi la jamaa, magoti yakigusa reli.

Mafundi wakaacha spana, wakasimama kuangalia.

"Mathe, mama yetu," Mutahi akasema polepole. "Hapo miguu huwa inapumzika kabisa, lakini hairudi."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Theuri akaweka wimbo wa kwaya. Akaanza na besi, akaipima kwa kiganja. Akaja kwa ile nyembamba, akaipandisha, macho kwa kidole changu. Nikakilaza. Akashusha. Nikakilaza tena. Akashusha. Maneno yakaanza kutoka, moja moja, safi kama mahindi yaliyopepetwa. Nikafunika kikombe.

Nilipoinua kichwa, Keval alikuwa amesimama nyuma ya Theuri.

Sijui alikuwa amesimama kwa muda gani. Hakuwa ananiangalia usoni. Alikuwa anaangalia kile kikombe.

"Mama Theuri," akasema. "Hata gari ya maiti?"

"Miguu, Keval."

"Kuja hapa kidogo. Simama na mimi."

Keval amezaliwa hapa Nyeri, baba yake Bipin amezaliwa hapa, na Kikuyu anajua kuliko watoto wangu. Huwezi kumzungusha kwa lugha yoyote. Nikashuka. Akanitoa kikombe mkononi, taratibu, akakishika yeye.

Kisha akamgusa Theuri begani, akamwonyesha stoo. "Niletee bisibisi ile ndogo."

Theuri akaenda. Keval akainama ndani ya lile gari bila kuogopa kitu, akazifikia zile spika ndogo za sauti nyembamba, akachomoa waya zake zote. Kwaya ikawa kama inaimba ndani ya gunia. Hata Kathurima akageuka.

"Umeharibu?" akauliza.

"Ngoja, mzee," Keval akasema.

Theuri akarudi na bisibisi. Keval akajiweka mbele yake, akaongea wazi wazi. "Hebu maliza. Niambie hiyo sauti nyembamba iko aje."

Theuri akapiga magoti. Akaangalia benchi, mimi siko. Akanitafuta, akanipata kando ya Keval, mikono mitupu. Ningeweza kukuna pua. Ningeweza kushika leso. Mikono haikutoka ilipokuwa.

Akasikiliza. Akainamisha kichwa vile mafundi hufanya. Akagusa kitufe.

"Iko juu kidogo," akasema. "Nitapunguza."

Mutahi akaanza kucheka, akaona sisi hatucheki, akameza kicheko kama dawa.

Keval akaokota zile waya zilizochomolewa, akamwonyesha Theuri mkononi. Hakumtukana. Ningependa angemtukana, ningejua pa kushika.

"Theuri. Tangu lini?"

"Nini?"

"Tangu lini husikii?"

Theuri akaangalia waya. Akaangalia mafundi. Masikio yake yenyewe ndiyo yaliyobadilika rangi kwanza.

"Kesho usije hapa," Keval akasema, na akainua mkono haraka. "Ngoja, sikufukuzi. Kesho enda mjini, dukani. Mzee wangu amechoka kusimama kaunta. Wewe unajua hizi vitu zote, utauzia watu, utawaeleza. Huko hakuna kelele. Hapa hakukufai."

Wasomaji, nyinyi mnasikia hayo maneno? Mlango ulikuwa umefunguka. Sio ule wa vichupa, mwingine. Ule alioutaka daktari. Nilitaka kupiga magoti hapo kwenye vumbi na mafuta ya gari.

Na mwanangu akasema, "Hapana."

"Hapana nini?"

"Mimi si wa kusimama kaunta nikiuza stika, bosi. Mimi ni fundi. Hii ni nta tu. Daktari alimweleza mama. Naweka mafuta kila asubuhi, imebaki kidogo iishe." Akajigonga sikio. "Hata jogoo siku hizi nasikia."

Keval akanigeukia. "Daktari alisema ni nta?"

"Mwambie, mama," Theuri akasema.

Nikatazama kikombe changu mkononi mwa Keval.

"Mwambie. Na kama hapa hamnitaki sababu ya nta, sawa. Kuna jamaa Naro Moru amefungua gereji ya wufa, zile spika kubwa za besi, amekuwa akinitafuta. Huko hawaulizi maswali. Huko kelele ni kelele."

Akaanza kuvua ovaroli. Mkono mmoja ukatoka. Hapo ndipo nilipoona nilichokipika. Ule uongo niliomwekea asianguke ulikuwa umesimama mlangoni, umemzuia kupita.

Nikamwendea. Nikamshika mashavu, nikamgeuza uso aone mdomo wangu, kama vile nilimfundisha kusema maziwa.

"Theuri. Si nta."

Akangoja.

"Masikio yameharibika kwa kazi. Hayarudi. Ukitoka kwa kelele, yaliyobaki yatabaki. Ukienda Naro Moru yataisha yote. Ndivyo daktari alisema."

"Alisema lini?"

"Siku ile ile."

"Na mafuta?"

"Mafuta ni mafuta tu. Ni yale ya kupikia."

Nyuma yangu Kathurima akasema, "Pole," na nikajua ameisema kwa mazoea ya kazi, lakini ilikuwa pole ya kweli.

Mwanangu hakupiga kelele. Alirudisha mkono ndani ya ovaroli, akafunga vifungo vyote mpaka shingoni. Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelezwa njia na akaielewa. Nikafikiri, amekubali. Nawaambia ukweli, nilifikiri amekubali, na nikaanza kupanga atavaa shati gani kaunta.

Akachukua zile waya kutoka mkono wa Keval. Akapanda gari la maiti. Akazirudishia mahali pake moja moja, kazi safi kabisa, huku kwaya inaimba. Sauti nyembamba ikarudi.

Halafu akavuta mlango, akajifungia.

Tulimwona kwa kioo cha dirisha. Alichukua bisibisi, akaiweka kwenye kile kiskurubu cha nguvu, akazungusha. Kwaya ikapanda. Akazungusha tena. Vioo vikaanza kutetemeka. Akapandisha vitufe vyote vya ekwalaiza kwa kiganja kimoja, mara moja, mpaka juu. Hapo kwaya ikaacha kuwa watu. Ikawa mlio mmoja tu, ule wa bati na msumeno, na mafundi wote wakaziba masikio wakarudi nyuma.

Yeye alilala kwenye reli za jeneza, akaweka kichwa chake kwenye spika.

"Spika zangu," Kathurima akasema, kisha akasema, "Kijana. Mtoeni kijana."

Hakuna aliyesonga. Nilimwangalia Mutahi, akaangalia chini. Walikuwa vijana wenye nguvu, wanaoinua injini kwa mikono, na hakuna hata mmoja aliyekuwa tayari kufungua ule mlango na kumtoa mtu mzima pale wanapolazwa wafu.

"Toeni betri," Keval akawapigia kelele. "Betri, Mutahi, betri."

Hilo waliliweza. Wakakimbilia boneti.

Mimi nikaufungua mlango. Sauti ilinipiga usoni kama maji ya moto. Nikaingia kwa magoti, nikapapasa kutafuta kile kiskurubu, sikukiona, macho yalikuwa yanatetemeka kichwani. Nikashika bega la Theuri. Mwili wake wote ulikuwa unatikisika, na sikuweza kujua ni yeye au ni gari.

Alinishika mkono. Hakunisukuma. Alinishika tu.

Kisha Mutahi akapata ile waya ya betri, akaing'oa.

Kimya.

Ule mlio ukabaki ukiita ndani ya masikio yangu kidogo, kisha ukazima. Nikasikia kunguru wakitembea juu ya mabati ya gereji. Nikasikia lori barabarani likibadilisha gia likipanda kwenda mjini. Nikasikia Keval akiweka kikombe changu chini.

Theuri alikuwa bado amelala pale, amefumba macho, mikono yote sasa imeziba masikio, ameziba kwa nguvu zake zote.

"Imetosha, mama," akasema. "Imetosha. Waambie wazime."

Nikamgusa uso. Nikamwonyesha kwa mkono mbele ya macho yake, imezimwa, imekwisha. Hakuyafungua.

"Waambie wazime," akasema tena, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anaomba chumvi. "Mbona hawazimi?"